Paneli Iliyokwenda Kusiko na Skrini

Wenzake kazini walimwita Bi Hakiki, na hawakumwonea. Huyu alikuwa mtu wa kufunga mlango, akafika njia panda, akarudi kuutikisa. Akaondoka tena, akafika pale pale, akarudi kuutikisa mara ya pili. Jiko la gesi alilizima kwa mkono, kisha kwa macho, kisha kwa pua. Barua pepe ya mistari miwili aliisoma mara sita kabla ya kuituma, na akishaituma aliifungua tena kuangalia kama haijabadilika huko njiani. Hofu na yeye walikuwa chanda na pete. Siku ambayo hakuwa na la kuogopa, alikaa akijiuliza amesahau nini.

Wapo waliomcheka. Mimi simcheki, maana woga huo huo ndio uliomlisha. Alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, na programu ni kitu kinachomtaka mtu asiyelala kwa amani. Jasiri huandika mistari mia mbili, akabonyeza, ikakubali, akaenda zake kula. Bi Hakiki aliandika mistari ishirini akajiuliza: je, mtu akibonyeza mara mbili? Je, umeme ukikatika katikati? Je, paka akipita juu ya kibodi? Hakuwa na paka.

Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka saba, na aliyemlea ni mjomba wake, kaka wa mama, fundi bomba katika kiwanda cha soda kilicho nyuma ya mtaa wao. Mjomba alikuwa mrefu, mpole, mzito wa mwendo, mtu wa kuimba puani akiwa kazini bila kujua kwamba anaimba. Waliishi ua mmoja: yeye chumba cha mbele, mpwa wake vyumba viwili vya nyuma, ukuta mmoja kati yao. Mjomba hakuogopa giza, hakuogopa nyoka wala wakubwa wa kiwanda. Alichokiogopa kilikuwa kimoja tu, nacho ni shimoni.

Shimoni ni jina walilokipa chumba cha chini ya ardhi pale kiwandani, ngazi kumi na tisa kwenda chini, ambamo mabomba ya gesi ya soda yanapita. Ile gesi inayokufanya ucheue ukishakunywa soda, ikiwa kwenye chupa ni raha. Ikivuja ndani ya chumba kisicho na dirisha ni balaa, kwa sababu haina rangi, haina harufu ya kukushtua, na ni nzito kuliko hewa. Inatulia chini kama maji kwenye beseni. Mtu anashuka akiimba, anavuta pumzi tatu nne, anaanguka. Anayemfuata kumwokoa naye anaanguka juu yake.

Kwa hiyo Mjomba alikuwa na mkebe wake. Ulikuwa mkebe wa maziwa ya unga, umetobolewa matundu ubavuni, ndani mna mshumaa, juu kuna waya mrefu. Kila Jumamosi kabla ya kushuka kukagua valvu, aliuwasha mshumaa akauteremsha taratibu hadi ngazi ya mwisho, akachungulia. Ukiwaka, anashuka. Ukizimika, hashuki, hata mkurugenzi aje apige magoti. Alifanya hivyo miaka thelathini na mmoja na wadogo wake kazini walimtania kwamba anakwenda kusali.

Kiwanda kiliponunua vipimo vya kisasa vya kunusa gesi, kikahitaji programu ya kuvisoma, Mjomba alimwendea meneja akiwa amevua kofia, akamwambia kuwa mpwa wake ni fundi wa madirisha ya kompyuta. Alishalitangaza hilo mtaa mzima, akitia chumvi, hadi siku moja jirani alibisha hodi kwa Bi Hakiki akiwa na futi kamba, anataka madirisha manne ya alumini. Meneja alielewa zaidi kidogo kuliko jirani. Kazi ikapatikana.

Hayo madirisha yenyewe yalikuwa hivi. Kulikuwa na dirisha kuu moja, na katikati yake mchoro wa mabomba ya kiwanda kizima. Kulizunguka kulikuwa na paneli nne: ya joto, ya mgandamizo, ya kumbukumbu za zamu, na ya nne, iliyo muhimu kuliko zote, paneli ya tahadhari. Mwanzoni alizigandisha zote mahali pamoja, zisisogee. Mama Zamu akakataa. Mama Zamu alikuwa opereta mkuu wa chumba cha mitambo, mwanamke wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja kichwani, aliyezoea kupanga meza yake apendavyo. Alisema hawezi kukaa saa nane akitazama vitu alivyopangiwa na mtu mwingine, yeye si mgeni hapo.

Bi Hakiki akarudi mezani akaziandika upya paneli zile ziweze kubanduka na kubandikwa. Kila moja aliiumba kwa mistari yake ya msimbo: akaipa jina, akaipa kichwa cha kushikia, akaiambia pande inazoruhusiwa kubandikwa, kushoto, kulia au chini. Opereta akishika kichwa kwa mausi na kuvuta, paneli ingebanduka ikaelea peke yake kama karatasi mezani, hata ikahamia skrini ya pili. Akiisogeza ukingoni, ingenata. Akaongeza na utamu mwingine: programu ikifungwa, iandike kwenye faili dogo kila paneli ilikuwa wapi, na ikifunguliwa, isome faili hilo na kurudisha kila kitu mahali pake.

Kisha hofu ikamjia, kama kawaida. Je, mtu akiifunga paneli ya tahadhari kwa bahati mbaya? Akaandika mstari mmoja wa kuiondolea alama ya kufungia. Paneli nyingine tatu zilikuwa na kile kialama cha msalaba pembeni. Ya tahadhari haikuwa nacho. Haifungiki, hata ufanyeje. Mstari ule aliupenda kuliko yote. Aliijaribu programu mara arobaini mezani kwake, penye skrini mbili zilizounganishwa tangu siku aliponunua meza, na mara zote arobaini kila paneli ilirudi pale pale ilipoachwa.

Siku ya kuizindua, Mjomba alisimama mbele ya mafundi wenzake na mkebe wake mkononi. Akamkabidhi mpwa wake akisema yeye hana kazi nao tena. Watu wakapiga makofi. Bi Hakiki aliuchukua nyumbani, akauweka mezani katikati ya skrini zake mbili, akatilia kalamu.

Lakini si kwamba mambo yalikwenda shwari. Katika miezi miwili ya kwanza alikisimamisha kiwanda mara mbili. Mara ya kwanza kipimo kilionyesha gesi imejaa, watu wakatimuliwa nje, kumbe mfagiaji alikimwagia maji. Mara ya pili alikuwa anakula chakula cha mchana akaingiwa na wazo kwamba ameandika alama ya kuzidi pale palipotakiwa ya kupungua. Akampigia meneja, mitambo ikazimwa, na alipofungua msimbo akakuta alama iko sawasawa. Meneja alikuwa mstaarabu. Alimwita ofisini akamwambia, taratibu, kwamba siku nyingine kabla ya kupiga simu ahakiki kwanza. Mafundi waliposikia, walicheka mpaka meno yote nje. Na yeye alilimeza neno hilo likamkaa kooni.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu na dakika chache asubuhi. Bi Hakiki alikuwa mezani na kikombe cha chai, simu ikalia. Mama Zamu alitaka msaada mdogo: mchoro wa mabomba umekuwa mdogo, auongezeje? Bi Hakiki akamwelekeza ashike ukingo wa paneli ya joto aupunguze. Mama Zamu akafanya, akashukuru, akaendelea kuongea kama ilivyo desturi yake. Skrini ya pili wamekuja kuichukua asubuhi hiyo, akasema, ya ofisi ya mauzo imekufa. Wamezima kompyuta, wamechomoa, wamewasha, sasa amebaki na moja.

"Lakini leo pametulia," akasema. "Hata ile paneli yako ya tahadhari haionekani."

"Haionekani vipi?"

"Haipo tu. Nikajua kama hakuna tahadhari, inajificha."

Bi Hakiki aliweka kikombe chini. Aliuliza, kwa sauti ambayo aliilazimisha iwe ya kawaida, paneli hiyo ilikuwa wapi jana. Mama Zamu akajibu kwamba yeye alishaivuta zamani kwenye skrini ya pili, iwe peke yake, pasafi. Bi Hakiki akauliza Mjomba yuko wapi.

"Si ameshuka shimoni? Leo Jumamosi, siku yake ya valvu. Ngoja mwanangu, simu ya mezani inaita, hawa wa mauzo hawajui hata pa kuchomeka waya." Simu ikakatika.

Alibaki ameishika. Paneli ile haiwezi kujificha. Yeye mwenyewe ndiye aliyeinyima uwezo huo. King'ora cha shimoni kilikuwa kimefunguliwa wiki mbili kabla kikapelekwa kutengenezwa, na meneja alisema hakuna shida, skrini inatosha. Kompyuta yenyewe haikuwa na spika, maana kwenye chumba kile cha makelele ingemsemesha nani. Jicho pekee lililokuwa likitazama shimoni asubuhi hiyo lilikuwa paneli ya tahadhari.

Alitafuta namba ya meneja. Kidole kikasimama. Hakiki kwanza. Wakicheka mara ya tatu hatafaa tena pale, wala Mjomba hataweza kuinua uso. Mtu aliyeogopa kila kitu maisha yake yote, siku hofu ilipokuwa na haki, hakuiamini. Hapo mimi humkasirikia, kisha hujiuliza ningefanya nini, nikanyamaza.

Akahakiki. Alifungua programu kwake, akaivuta paneli ya tahadhari kwenye skrini ya pili, akaiacha ikielea. Akaifunga programu. Kisha akafanya jambo ambalo katika zile mara arobaini hakulifanya hata mara moja: akainama chini ya meza akachomoa waya wa skrini ya pili. Akaifungua programu tena.

Mchoro ukatokea, na joto, na mgandamizo, na kumbukumbu. Paneli ya tahadhari haikutokea. Akafungua menyu ya paneli: pembeni mwa neno Tahadhari kulikuwa na alama ya vema. Programu ilikuwa inakula yamini kwamba paneli iko wazi. Akafungua lile faili dogo la mpangilio, akasoma. Skrini yake, ukihesabu nukta za mwanga kutoka kushoto, iliishia kwenye ya elfu moja mia tisa na ishirini. Paneli ilikuwa imesimama kwenye nukta ya elfu mbili na mia tatu. Ilikuwa wazi, ikifanya kazi yake yote, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Aliizuia isifungwe, hakuizuia isipotee.

Akapiga chumba cha mitambo: simu inatumika. Akapiga tena: inatumika. Akampigia meneja, ikaita mpaka ikakoma. Akampigia Mjomba, na simu ya Mjomba ikalia upande wa pili wa ukuta, chumbani kwake, karibu kabisa, wimbo wake ule ule wa siku zote. Jumamosi huwa haendi nayo, iliwahi kumwangukia majini. Bi Hakiki alisikiliza simu ile ikilia kwenye chumba kisicho na mtu, na hapo ndipo alipoogopa kweli. Hofu zote za nyuma zilikuwa mazoezi.

Alitoka bila kufunga mlango.

Kutoka pale hadi kiwandani ni mwendo wa dakika kumi. Alikimbia na ndala mpaka moja ikakatika, akaitupa, akaitupa na ya pili. Watu walimpisha wakimshangaa, mwanamke mzima peku, kanga begani, anaongea peke yake. Alikuwa anahesabu. Mjomba hukagua valvu kumi na mbili, kila moja dakika mbili. Kama alishuka saa tatu kamili. Kama alianza na za mbali. Kama gesi haivuji, mbona anakimbia? Aliomba iwe anakimbia bure. Aliomba wamcheke. Wamcheke mwaka mzima, wamtungie hadithi, ilimradi Mjomba awe amekaa kwenye ngazi anakula karanga.

Mlinzi getini alimwona akatabasamu, akaanza kusema Bi Hakiki leo tena, akataka asaini kitabu cha wageni. Alimpita. Akapanda ngazi za chumba cha mitambo na kumkuta Mama Zamu mgongo umegeuka, simu ya mezani sikioni, anamweleza mtu waya upi unaingia wapi. Skrini iliyobaki ilikuwa safi, imetulia, mchoro mkubwa wa kupendeza.

Hakusalimia. Alishika mausi, akaifunga programu. Akalitafuta faili la mpangilio, na kwa haraka akabonyeza faili jingine mara mbili kabla ya kulipata. Akalifuta. Bila faili lile programu ingesahau yote iliyofundishwa na kuzirudisha paneli pale alipoziumba mwanzo. Akaifungua. Ilichukua sekunde tisa, na katika sekunde hizo Mama Zamu aligeuka kuuliza kuna nini.

Paneli ya tahadhari ikatokea upande wa kulia. Nyekundu, juu hadi chini. Mstari wa kwanza ulisema shimoni, kipimo namba mbili, hatari, saa tatu na dakika tisa. Chini yake ilifuata mingine kumi na minne. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na saba.

Mama Zamu aliachia simu ya mezani ikaning'inia kwa waya wake. Akachukua redio ya mawasiliano.

"Mjomba, jibu. Mjomba, upo? Jibu."

Redio ilikwaruza, ikanyamaza.

Bi Hakiki alikuwa ameshafika mlangoni. Mama Zamu alimdaka kanga, na kanga ilipotoka akamdaka mkono, akamkamata kwa nguvu ambayo mwanamke wa makamo hatarajiwi kuwa nayo. Kwa mkono wa pili alikuwa anawaita mafundi wawili wa zamu wavae vinyago na mitungi ya hewa.

"Ukishuka hivyo watakuwa wawili," alisema. "Unanisikia? Watakuwa wawili."

Walisimama juu ya ngazi za shimoni wakingoja. Mafundi walivaa, wakakaguana mikanda, na kila kifungo walichofunga Bi Hakiki alikiona kinachukua mwezi mzima. Taa ya shimoni ilikuwa inawaka. Aliziona ngazi saba za juu, zilizobaki zilipinda zisionekane. Hakusikia mtu akiimba. Wakashuka. Akakumbuka mkebe, jinsi mwali ulivyokuwa ukishuka polepole na uso wa Mjomba ukichungulia, na akakumbuka ulipo sasa, na kalamu zake.

Walimleta wamemshika mabega na miguu. Uso wake ulikuwa wa kijivu na kofia haipo. Alianguka akipanda, wakasema. Kichwa kikizunguka alijua, akageuka, akazifikia ngazi nane kabla ya magoti kumwisha nguvu, akalala kifudifudi kichwa kikiwa juu, mahali ambapo gesi ilikuwa haijajaa. Fundi mmoja akasema kwamba kama wangechelewa kidogo tu, gesi ingepanda ikamfunika hapo alipolala. Alisema kwa nia njema, hakujua anaongea na nani. Walimlaza nje kwenye saruji. Bi Hakiki alipiga magoti akaweka sikio kifuani pake, akaliweka tena, akaliweka mara ya tatu.

Moyo ulikuwa unapiga.

Hospitalini Mjomba alikaa siku sita. Siku ya pili alifungua macho, ya tatu akaomba uji, na kuanzia hapo akaanza kuongea. Kila aliyekuja kumwona aliambiwa hadithi moja. Alimshika mpwa wake mkono akasema, huyu ndiye aliyeniona. Nilikuwa chini kule, yeye yuko nyumbani anakunywa chai, akaniona kwenye dirisha lake. Mafundi waliitikia kwa heshima. Meneja alikuja na maua, akakiri mbele ya wote kwamba alimdharau dada huyu na kuanzia sasa akipiga simu hata usiku wa manane watazima mitambo. Ni Mama Zamu tu aliyekaa kimya pembeni, akifuta miwani mmoja, kisha mwingine.

Na Bi Hakiki? Alinyamaza. Siku mbili nzima alinyamaza, akavishwa kilemba kisichokuwa chake akakivaa. Hapo ningependa kumkaripia, ila najua alichokuwa anakiogopa. Hakuogopa kufukuzwa kazi. Aliogopa ule mkono mkubwa, wenye makovu ya mabomba, uachie mkono wake.

Siku ya nne jioni, wageni walipoondoka, Mjomba alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka kulala, "Unajua mama, siku ile hata sikuusikitikia mshumaa. Nilishuka moyo mweupe. Nilijua unaniangalia."

Akashindwa kuvumilia. Akamwambia. Alieleza yote, kuanzia skrini mbili za mezani kwake hadi nukta ya elfu mbili na mia tatu. Na alipoona haeleweki alichukua bahasha ya dawa akaishikilia juu ya meza ya kando ya kitanda, akamwonyesha jinsi kitu kinavyoweza kukaa mahali, halafu akaivuta meza, bahasha ikabaki hewani. Akamwambia kwamba programu iliona gesi. Dakika kumi na nane ilikuwa inapiga kelele, na kelele zenyewe yeye ndiye aliyezipeleka kusiko na mtu. Na alipojua, hakukimbia papo hapo. Alikaa akahakiki, kwa kuogopa kuchekwa.

"Sikukuona, Mjomba. Sikuwa nakuangalia."

Mjomba alitazama dari. Mkono wake haukuachia, wala haukukaza. Bi Hakiki aliyasikia magurudumu ya kitoroli yakipita koridoni mpaka yakaisha.

"Mkebe wangu uko wapi?" akauliza hatimaye.

"Mezani kwangu. Natilia kalamu."

"Toa kalamu," akasema Mjomba, akafumba macho.

Kesho yake alimweleza meneja maneno yale yale, amesimama. Mama Zamu aliingia katikati akasema aliyeivuta paneli ni yeye, na Bi Hakiki akamjibu kwamba aliivuta kwa sababu aliruhusiwa kuivuta, na aliyeruhusu ni mwingine. Meneja alimpa wiki moja arekebishe, akapiga simu mwenyewe kuulizia king'ora, akairudisha ile skrini ya pili kwa mikono yake.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari kumi na mmoja. Programu ikifunguliwa, kabla ya kuirudisha paneli yoyote, iiulize kompyuta ina skrini ngapi na kila moja inaishia wapi. Paneli ambayo mahali pake hapapo tena, irudi ukingoni mwa dirisha kuu. Ya tahadhari akainyima kabisa ruhusa ya kuelea: ibandikwe kulia, kushoto au chini, ila isibanduke. Na kwenye menyu akaweka amri moja ya kurudisha vyote kama vilivyokuwa mwanzo. Kumi na mmoja tu. Machozi aliyolia juu ya mistari hiyo mimi siyahesabu. Kisha akaijaribu akichomoa waya mmoja, akachomoa mwingine, akageuza skrini juu chini, akazima kila kinachozimika.

Wiki tano baadaye, Jumamosi, Mjomba alirudi kazini. Bi Hakiki alikuja naye, akakaa chumba cha mitambo kando ya Mama Zamu. Paneli ya tahadhari ilikuwa upande wa kulia, kijani tupu. King'ora kilisharudi kikajaribiwa. Hakuna kilichobaki cha kuogopa, na yeye aliogopa vilevile, macho hayapepesi.

Redio ikakwaruza. Kwanza walisikia mlio mdogo wa bati likigonga ngazi, likishuka, likishuka, kisha likatulia.

"Mpwa wangu," sauti ya Mjomba ikasema, "kwangu unawaka. Kwako?"

Alitazama paneli. Akaitazama tena, na mara ya tatu.

"Kwangu kijani, Mjomba."

"Basi nashuka."

Viatu vyake vilisikika kwenye ngazi ya kwanza, akianza kuimba puani. Bi Hakiki alianza kuzihesabu ngazi kwa sauti, moja, mbili, tatu, na Mama Zamu, ambaye zamani angemcheka, alivuta kiti karibu akahesabu naye mpaka kumi na tisa.